Mtu wa Meli Ana Saa Sita

Mjomba wangu aliendesha teksi nje ya geti la bandari ya Kilindini kwa miaka mingi, enzi zile meli za watalii zilipokuwa zikija Mombasa kwa wingi, kabla maharamia wa Kisomali hawajazitia hofu. Siku ya meli, yeye na wenzake walikuwa wakipanga magari tangu alfajiri, kila mtu na kadi yake ya picha iliyopigwa plastiki: ndovu, ufuo, Fort Jesus. Likizo za shule mimi nilikaa kiti cha mbele kama utingo. Kazi yangu hasa ilikuwa kuonekana. Mjomba aliwaambia abiria kwamba mimi ni mwanawe, kwa sababu, alivyosema, mtu akishamuona mtoto hawezi tena kubishana bei mpaka mwisho.

Jioni akihesabu noti alikuwa na wimbo mmoja. "Mtu wa meli ana saa sita. Ukimpeleka kila mahali, hajaona kitu. Mpeleke mahali pamoja, mwache akae." Na hakuna abiria aliyekubali kupelekwa pamoja. Walitaka ngome, Mji wa Kale, wachongaji wa Kikamba kule Changamwe, soko la viungo, na hawakosi kupigwa picha chini ya zile pembe za ndovu za Moi Avenue, ambazo si pembe wala si za ndovu. Saa sita zikiisha tunawarudisha getini wamechoka, wamekunja nyuso, wanaulizana ile ngome ilikuwa ya nani.

Sikuwaza kwamba siku moja mtu wa meli nitakuwa mimi.

Mimi ni mhudumu wa vyumba kwenye meli ya watalii, mwaka wa nane sasa. Msimu wa mwisho wa 2023 kuingia 2024 tulipangiwa kuzunguka ncha ya Amerika Kusini: San Antonio ya Chile upande wa Pasifiki, Puerto Montt, kisha siku kadhaa za kupenya kati ya visiwa na milima ya barafu, Punta Arenas, Ushuaia ya Argentina, Rasi ya Horn, visiwa vya Falkland, Montevideo, hadi Buenos Aires. Halafu tunageuza tunaanza upya. Kwa hiyo mji mmoja tuliufikia mara kadhaa, na Punta Arenas ndio nataka kuusimulia, kwa sababu mara mbili za mwanzo niliuharibu.

Kwanza nikuweke mahali. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Punta Arenas iko nyuzi 53. Uko kwenye Mlangobahari wa Magellan, bara likiwa nyuma yake na kisiwa cha Tierra del Fuego ng'ambo ya maji. Usidhani ni kijiji. Ni mji wa watu zaidi ya laki moja, nyumba zenye mapaa ya mabati yaliyopakwa rangi, barabara pana zilizonyooka, na majumba machache ya kifahari ambayo ukiyatazama unajiuliza yalifikaje huko. Ulianzishwa mwaka 1848, na kwa miongo kadhaa meli nyingi zilizovuka kutoka Atlantiki kwenda Pasifiki zilipita mbele ya mlango wake. Mwaka 1914 Mfereji wa Panama ukafunguliwa, na meli zikapata njia ya mkato. Mimi ni mtoto wa geti la Kilindini. Najua mji unavyokaa kimya meli zikiacha kuja.

Mara ya kwanza hatukushuka kabisa. Tulifika asubuhi, tukaona mapaa ya rangi kwa mbali, upepo ukavuma, bandari ikafungwa, nahodha akatangaza kwamba tunaendelea na safari. Abiria walinuna. Mmoja aliniuliza mimi, mwenye mashuka mikononi, kwa nini hatukumwambia mapema.

Watu wa pwani tumezaliwa na pepo mbili, kaskazi na kusi, na kila mmoja una miezi yake na adabu yake. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwamba huko kusini nitakutana na kusi nyumbani kwake. Sikumkuta. Upepo wa kule unatoka magharibi, mwaka mzima unatoka magharibi, na wakati wa joto ndio unakasirika zaidi. Upepo wa kwetu unasukuma jahazi. Ule unasukuma mtu.

Mara ya pili bandari ilikuwa wazi na nilipata saa nne. Nilifanya wanalofanya mabaharia wengi wageni: nikajazana kwenye gari na wenzangu wa dobi na jikoni, tukaenda eneo la maduka yasiyo na ushuru nje kidogo ya mji kutafuta simu za bei nafuu. Saa mbili zikaisha tukilinganisha bei kwenye vioo, saa moja tukisubiri gari la kurudi, nikarudi melini na chaja. Chaja hata sikuihitaji. Usiku ule kitandani nikamkumbuka mjomba na nikaona aibu, kwa sababu wale abiria wake waliorudi wamekunja nyuso angalau waliiona ngome.

Basi mara ya tatu, katikati ya Januari, nikaamua nitajipeleka mwenyewe kama mjomba angenipeleka. Pamoja, nikae.

Niliamka mapema nikamaliza vyumba vyangu vyote kabla ya saa tatu na nusu. Bahati nzuri siku hiyo jina langu halikuwa kwenye orodha ya wanaobaki, maana meli haiachwi tupu. Kila bandari sehemu ya wafanyakazi hubaki kwa ajili ya dharura, na tunapokezana. Nilishuka na dada mmoja wa Tanga anayefanya kazi dobini. Melini Waswahili tulikuwa wawili tu, kwa hiyo tulikuwa ndugu kwa lazima, pamoja na matusi ya utani ambayo Tanga na Mombasa wanadaiana tangu zamani.

Meli ilitia nanga nje, tukapelekwa pwani kwa zile mashua za kuokolea zinazogeuzwa kuwa feri. Dada alishika kiti kwa mikono miwili. "Kaka, hii ni Likoni au ni kiama?" Nikamwambia Likoni angekuwa ameshaibiwa simu.

Gatini, kabla hata ya kuvuka barabara, niliwaona. Madereva. Kama kumi hivi, wamejipanga kando ya magari yao, kila mtu na kadi yake ya picha iliyopigwa plastiki. Badala ya ndovu, pengwini. Mwisho wa mstari kulikuwa na mzee mwenye kofia nyekundu ya sufu aliyeinama upande, kama mti uliokulia penye upepo. Nikasimama. Sikuweza kupita hivi hivi. Nikawasalimu mmoja mmoja kwa Kihispania changu cha jikoni, nikawapiga picha kwa ruhusa yao, na sikupanda gari la mtu. Walinishangaa. Mtu anayekusalimu vizuri hivyo halafu asipande gari, ni mtu wa namna gani?

Nikampigia mama kabla intaneti ya bure haijakatika.

"Asalaam aleikum, mama."

"Waaleikum salaam, mwanangu. Leo uko wapi?"

"Punta Arenas, Chile. Kule chini kabisa."

"Ndiko kwenye wale ndege wasioruka?"

"Ndiko, lakini wako kisiwani, mbali kwa mashua. Na leo mashua hazikwenda, upepo."

"Sasa wewe umekwenda kufanya nini?"

Sikuwa na jibu. Kisiwa chenyewe ni Magdalena, mwendo wa saa mbili hivi majini, na asubuhi ile abiria wetu waliokuwa wamelipia walirudishiwa pesa zao. Kwa hiyo niseme mapema: katika simulizi hii hakuna pengwini.

Lakini kuna saa. Jambo hili lilinifurahisha kuliko ndege yeyote, na sijamkuta mtu mwingine wa kulielewa isipokuwa Mswahili. Punta Arenas iko nyuma ya Mombasa kwa saa sita kamili. Na sisi, kama unavyojua, tunahesabu saa kwa tofauti ya sita na tarakimu zilizoandikwa kwenye saa yenyewe. Sita ya kwetu na sita ya kwao zinafutana. Saa ya ukutani pale gatini ilionyesha 10. Kwa wenyeji ilikuwa saa nne asubuhi. Lakini ukiusoma mshale kama ulivyo, kumi, hiyo ndiyo ilikuwa saa kumi ya Mombasa dakika ile ile, na mama ndio kwanza ametoka kusali Alasiri. Ikifika 12, kwetu ni saa kumi na mbili jioni. Ikifika 1, saa moja usiku. Miaka minane nimekuwa nikihesabu kwa vidole kama mama amelala au yu macho, bandari hadi bandari. Huku mwisho wa dunia, saa ya watu ilikuwa ikinisomea wakati wa nyumbani.

Nikamweleza dada. Akaiangalia saa, akaniangalia mimi. "Kaka, una njaa wewe. Twende."

Uwanja mkuu uko mwendo mfupi kutoka gatini. Katikati yake kuna sanamu kubwa ya shaba ya Magellan, iliyowekwa mwaka 1920, miaka 400 tangu apite hapo. Yeye kasimama juu. Chini yake wamekaa wenyeji wa asili, na mmoja wao mguu umening'inia mpaka unafikika kwa mkono. Kidole chake kinang'aa kama dhahabu huku mwili mwingine wote umesawijika, kwa sababu kila mgeni anakibusu. Wanasema ukikibusu utarudi Punta Arenas. Foleni ilikuwa ya abiria wetu watupu. Mama mmoja alitoa kitambaa chenye dawa, akakisugua kidole chote kwa makini, akakibusu, kisha akampa mumewe kitambaa kile kile naye akisugue. Nikacheka mpaka nikaona haya. Pembe zetu za ndovu ndicho kidole chao.

Kicheko changu hakikudumu, na sababu yake ni hii. Baada ya ile aibu ya chaja nilikuwa nimesoma kidogo. Magellan huyu, kabla hajawa Magellan wa vitabuni, mwaka 1505 alikuwa kijana tu katika kundi la meli za Francisco de Almeida zilizotoka Ureno kwenda Bara Hindi. Kundi hilo ndilo lililoipora Kilwa na kuichoma moto Mombasa njiani. Shuleni tulifundishwa jina la Almeida. Hakuna aliyetuambia nani mwingine alikuwa kwenye meli zile. Nilikuja mpaka nyuzi 53 kusini kumkuta mtu ambaye huenda aliuona mji wangu ukiungua. Nikamtazama vizuri. Ana ndevu, na ameangalia mbali, kama wanavyoangalia wote.

Na yule wa chini, mwenye kidole? Majumba yanayouzunguka uwanja ule yalijengwa kwa pesa za sufu. Kondoo waliletwa kutoka Falkland mwaka 1877, wakaongezeka mno, na makampuni yakachukua malisho ya Tierra del Fuego, nchi ya watu wanaoitwa Selk'nam, ambao maisha yao yote waliwinda kwa miguu na hawakufuga mifugo. Walipowinda kondoo, wao ndio wakawindwa. Wauaji walilipwa kwa idadi ya waliowaua. Waliosalia walipelekwa misheni kwenye Kisiwa cha Dawson, na huko maradhi yakawamaliza wengi. Muda mrefu vitabu vilisema wamekwisha. Hawakwisha: mwaka 2023, miezi michache tu kabla sijasimama pale, sheria ya Chile iliwatambua kuwa watu waliopo. Dada aliniuliza kama nitakibusu kidole. Nikasema nitamsalimu tu. Nikakigusa kwa kiganja, kilikuwa baridi sana.

Njaa tuliitibu mtaa wa Roca, kwenye kibanda maarufu kinachoitwa Kiosco Roca, chumba chembamba ambacho watu wanakula wamesimama bega kwa bega. Wanauza vitu viwili: vimkate vidogo vilivyopakwa soseji ya kusagwa, na maziwa yaliyopigwa na ndizi. Nikauliza, "Cerdo?" Muuzaji akatikisa kichwa kwa fahari, ndio, nguruwe. Basi vimkate vikawa vya dada, ambaye ni Mkristo wa Muheza na alikula vitatu. Mimi nikachukua maziwa. Nilitarajia kitu cha kuchekesha. Ndizi huko ni mgeni kuliko mimi. Lakini yalikuwa mazito, baridi, na ndizi zilikuwa zimeiva kwelikweli, zile zenye madoa meusi ambazo bibi yangu alikuwa akizitenga akisema hizi si za kuuza. Nikanywa gilasi ya pili polepole. Mlango ulipofunguka upepo uliingia ukapeperusha karatasi zote za kufutia mikono, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kutazama.

Kutoka hapo tukatembea hadi makaburini. Ndipo "pamoja" pangu nilipopachagua, na dada alininunia njia nzima. Ameacha bahari zote saba nyuma, mtu anampeleka kwenye makaburi. Robo saa baadaye akanyamaza mwenyewe.

Makaburi ya manispaa ya Punta Arenas yana jina la Sara Braun, tajiri wa sufu aliyetoa pesa za kujenga lango lake. Wenyeji wanasimulia kwamba alitaka awe mtu wa mwisho kupita mlango mkubwa wa katikati, na kwamba tangu jeneza lake lipite, mlango huo haujafunguliwa. Watu wote hupita pembeni. Ndani kuna njia zilizopandwa misipresi iliyokatwa ikawa mviringo na mirefu, kama vidole gumba vikubwa vya kijani, mstari baada ya mstari, na katikati yake ni kimya. Ndiyo mara ya kwanza siku ile nilisikia sauti ya miguu yangu. Miti ile minene inauzuia upepo. Wenye pesa wana nyumba za marumaru. Wengine wamo ukutani kwenye vijumba vidogo vyenye kioo, na nyuma ya kioo familia zimeweka picha, maua ya plastiki, gari la kuchezea, chupa ndogo ya bia. Majina mengi yanaishia na ić, maana watu wengi wa Kroatia walihamia huko. Tulisoma majina kwa sauti, tukikosea.

Kwenye kona moja kuna sanamu ya kijana wa kienyeji, wa shaba, kasimama na mkono wake umeng'aa kama kile kidole cha uwanjani. Ni kaburi la mtu wa asili asiyejulikana jina. Watu wa mji huja kumgusa mkono na kumwomba mambo yao, na waliopata wamebandika vibao vidogo vya shukrani, mamia, vimejaa ukutani, na maua mabichi chini. Mgeni wa Kizungu aliyekuwa karibu nasi aliuliza kiongozi wake kwa mshangao hii ni dini gani. Sisi hatukuuliza. Mtu wa pwani akiona kaburi lenye nadhiri zilizotimia hahitaji mfasiri. Tumekua tukiona ubani, vitambaa, maji ya waridi. Dada alisimama pale muda mrefu kuliko mahali popote siku ile. Alipoondoka hakusema aliomba nini na mimi sikumwuliza.

Tulikaa kwenye benchi saa nzima. Hatukufanya kitu. Mzee mmoja alipita na ndoo na brashi, akasafisha kioo cha mkewe, nadhani ni mkewe, akakipangusa kwa mkono wa koti, akasogeza picha kidogo kushoto, akarudi nyuma kutazama, akaisogeza tena kulia. Akatusalimu kwa kichwa akaondoka.

Adhuhuri kule inaingia karibu saa nane mchana, kwa jinsi walivyoiweka saa yao. Nilisali ufukweni, karibu na gati la zamani lililobaki nguzo tu, ambapo minandi wamejipanga kwa mamia wakielekea upande mmoja. Mombasa kibla ni kaskazini, Makka iko juu yetu moja kwa moja. Pale nilipopima kwa simu, kibla kilikuwa mashariki, yaani baharini, kuvuka mlangobahari. Nikatandaza koti, upepo ukalichukua. Nikaweka mawe pembe nne, rakaa ya kwanza jiwe moja likahama. Dada akaja akakalia ncha ya koti, mgongo kwangu, akitazama ndege mpaka nikamaliza. Nikajumuisha na Alasiri kabisa, msafiri ana ruhusa, na jua la Alasiri huko halikuwa na haraka. Magharibi ni karibu saa nne usiku.

Na kuhusu mavazi, niseme moja, maana niliteseka: masweta matatu hayakunifaa kitu. Koti jembamba la mvua la dada, la plastiki tupu, lilimkinga kuliko sufu yangu yote.

Tulifika gatini saa nane na nusu tukakuta mlango umefungwa na watu wamejaa. Bandari imefungwa. Mashua ya mwisho ilikuwa imerudi melini robo saa kabla, na kwa pale tuliiona meli yetu imesimama kwenye maji meupe, nyumba yetu na vitanda vyetu, na hakuna wa kutupeleka. Watu kama mia mbili, wengi wazee, wengine wana dawa za saa tisa ambazo wameziacha kabatini.

Nilikuwa nimejibanza ukutani na kofia imefika kwenye nyusi pale bwana mmoja aliponijia. Nilimjua mara moja. Siku tisa nilikuwa namtandikia kitanda, najua analala upande wa kulia, najua miwani yake anaisahau bafuni. Yeye hakunijua. Akaniuliza kwa Kiingereza cha polepole, akiyapanua maneno kama anavyozungumziwa mtu asiyeelewa, kama upepo wa hapa ni hivi kila siku.

"Nasikia siku za upepo wenyewe hufungwa kamba mjini, watu washike wakivuka," nikasema. "Leo hazikufungwa."

Akastaajabu. Akaniuliza nimeishi hapa miaka mingapi.

"Saa tano," nikamjibu.

Hakuelewa, na kabla sijamweleza ofisa wetu alipita na redio akipaza sauti kwamba wafanyakazi wote waliopo wavae beji. Nikaitoa mfukoni nikaibandika kifuani. Yule bwana akasoma jina, akanitazama usoni, akasoma tena. "Wewe!" akasema. Akawa mwekundu. Nikamwambia miwani yake iko bafuni kama kawaida, na hapo tukacheka wote wawili, tena yeye zaidi.

Mapumziko yangu yakaishia pale. Nikabeba viti. Kina mama waliokuwa wakiuza soksi na kofia za sufu ndani ya jengo walichemsha maji, birika baada ya birika, bila kuombwa na mtu, na dada wa Tanga akasimama nao kama aliyezaliwa hapo, akigawa vikombe, Kiswahili kwao, Kihispania kwake, wakielewana vizuri kabisa. Yule mzee wa kofia nyekundu aliingia kujikinga baridi. Nikampa kikombe. Akaonyesha dirisha, akaonyesha saa, akafungua vidole vinne. Sikujua kama anasema saa nne zijazo au upepo utakufa mshale ukifika nne. Ilikuwa ni saa nne zijazo. Alikosea kwa dakika chache tu.

Tulipanda melini saa ya ukutani ikionyesha 7. Saa saba usiku Mombasa, mama amelala. Sikupiga. Nilikwenda moja kwa moja kwenye zamu ya jioni, nikakunja vitanda, nikafunga mapazia kuzuia jua lililokuwa bado linawaka kama alasiri.

Kabla ya kulala nikamtumia mjomba picha moja. Ana miaka sabini na tatu sasa, gari aliuza zamani, siku hizi anakaa barazani na simu aliyonunuliwa na wanawe. Sikumtumia Magellan, wala kidole, wala misipresi. Nilimtumia ule mstari wa madereva na kadi zao za pengwini, bila maneno.

Jibu liliingia saa yangu ikionyesha 11, kwa hiyo kwake ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, ameamka kusali.

"Huyo wa mwisho mwenye kofia nyekundu hakupata mtu leo. Mwambie asisimame mwisho. Na kadi ameishika juu chini."

Nikaikuza picha. Kweli, pengwini walikuwa wamesimama kwa vichwa.